Kahawa ya Mkono wa Melkiory

Mackrine alipanda na vikombe vitatu.

Kila siku ya kazi, saa kumi jioni, mwanamke huyo hupanda ngazi za mbao nyuma ya duka la pembejeo pale Kayanga, chupa ya chai mkono wa kulia, vikombe viwili mkono wa kushoto, kimoja cha Avelina na kimoja cha Afande Rwezaura. Mvua inyeshe, jua liwake, ni viwili; mmoja wao akikosekana, ni kimoja. Siku hiyo vilikuwa vitatu, na alivipanga mezani bila maelezo.

"Hicho kingine cha nani?" Avelina aliuliza.

"Cha mgeni wenu."

"Mgeni gani, Mackrine?"

"Si yule aliyepanda nyuma ya Afande? Mrefu, kavaa koti la mvua." Mackrine alitupa jicho kwenye kiti cha wateja, akalitupa mlangoni, akalirudisha kwenye kiti. "Kwani ameshuka saa ngapi? Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye ngazi."

Rwezaura alicheka mpaka meza ikatikisika. "Rubisi unayoionja kabla ya kazi itakuponza, mama."

"Mimi nimeokoka, Afande. Sinywi."

"Basi umeanza kuona malaika. Malaika na koti la mvua, jua lote hili!"

Mackrine hakucheka. Alishuka haraka, na ngazi zikalia chini ya kandambili zake.

Avelina alimimina chai. Alijaza cha Rwezaura, akajaza chake, mkono wake ukasita juu ya cha tatu. Kwao Bugene alifundishwa kwamba mgeni hahojiwi kabla hajapewa kitu. Akakijaza nacho, akakisogeza mbele ya kiti kitupu.

"Karibu, ndugu," alisema kwa utani.

Rwezaura alicheka tena. Kisha wakaendelea na kazi, na hakuna aliyekitazama kikombe kile mpaka Mackrine aliporudi kukusanya vyombo. Kilikuwa kimekauka. Chini kabisa, mahali panapobaki machicha, palikuwa na ganda la kahawa lililotafunwa, bado lina mate.

*

Walikuwa wapelelezi binafsi, na watu waliowaona pamoja kwa mara ya kwanza walidhani wanakwenda kushtakiana. Rwezaura alikuwa mstaafu wa polisi kutoka Muleba, pande la mtu, mwenye sauti ya kusimamisha basi. Avelina alikuwa karani wa zamani wa mahakama ya mwanzo, mwembamba, mkimya, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri. Mzee huyo aliamini katika kuuliza kwa nguvu. Binti huyo aliamini katika kunyamaza mpaka mtu mwingine achoke. Afande alimwita "Mama Karani". Mama Karani alimwita "Afande", na siku alizomkasirikia alimwita "Mzee wangu". Kazi zao zilikuwa ng'ombe walioibwa, mipaka ya vibanja iliyosogezwa, waume waliosema wako Bukoba kumbe wako Kyerwa. Hakuna kazi iliyowahi kuwanyima usingizi.

Mpaka walipoitwa Isingiro.

Hiyo ilikuwa siku moja kabla ya siku ya vikombe vitatu. Aliyewaita ni Melkiory, mtu ambaye jina lake likitajwa sokoni watu hushusha sauti na kupandisha bei ya maneno. Kahawa yake haikupita kwenye chama cha ushirika. Ilivuka mto Kagera gizani na kuuzwa ng'ambo. Waliowahi kumsema mbele ya wakubwa hawakumsema tena, kwa kuwa wengine walihama na wengine hawakuonekana. Dada yake, Adelgunda, aliendesha nyumba, na watu walisema alimwendesha na kaka yake.

"Tunamtafuta mtu," Adelgunda alianza. Alikuwa mwanamke mnene wa heshima, kitenge kimenyooka, rozari shingoni. "Anaitwa Novatus, wa Kihanga. Alikuwa mwenzetu kazini. Ametoweka tangu mvua za mwezi wa kumi na moja."

"Mnataka tumlete hapa?" Rwezaura aliuliza.

"Hapana." Sasa ni Melkiory aliyesema. Macho yake yalikuwa mekundu, macho ya mtu asiyelala. Kila mara aliutazama mlango, na mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. "Msimlete. Mtuambie tu kama yuko hai au amekufa. Mtuambie kwa uhakika."

Avelina aliliona swali hilo na kuliweka moyoni. Mtu anayemtafuta ndugu yake husema nirudishieni. Huyu alikuwa anaomba asirudishiwe.

Kisha ikaja kahawa. Hakuna nyumba ya Mnyambo wala ya Mhaya ambamo mgeni huingia na kutoka bila kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya porini na kukaushwa ingali na ganda lake. Huletwa katika kikapu kidogo, mgeni akachagua mwenyewe. Kuikataa ni kumtukana mwenye nyumba. Lakini Melkiory hakuleta kikapu. Alileta vipande viwili vya jani kavu la mgomba, vimekunjwa, akampa kila mmoja chake kwa mkono wake mwenyewe. Rwezaura alikuwa katikati ya kisa cha mwizi wa mbuzi aliyewahi kumkamata akiwa amevaa gauni la mkewe. Alikikunjua kipande bila kutazama, akajitupia mdomoni kilichokuwamo, akaendelea kusimulia huku akitafuna. Melkiory naye alikuwa anatafuna. Alimtazama Rwezaura mdomoni, taya kwa taya, mwendo mmoja, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

"Na wewe, binti?" Adelgunda aliuliza.

"Samahani, mama. Nimeng'olewa jino, kidonda bado kibichi." Avelina aliifunga kahawa yake pamoja na jani lake kwenye pembe ya leso. "Nitaitafuna kikipona."

Adelgunda aliitazama leso hiyo kwa muda mrefu.

Melkiory alikuwa amemeza. Alicheka kwa mara ya kwanza, akampiga Rwezaura begani. "Sasa sisi ni ndugu, Afande! Na ndugu haachi kazi njiani."

"Barabara ya huku ina makorongo," Adelgunda aliongeza kwa upole. "Mtu akituacha njiani, huanguka."

Walipoagana, Melkiory akiwa amesimama mlangoni, Avelina aliona doa dogo jekundu kwenye shati lake, usawa wa kitovu. Akaona na jambo la pili. Ulikuwa msimu wa kahawa, na viwanja vyote vya Isingiro vilikuwa vimejaa. Melkiory alikuwa na uwanja mpya wa saruji wa kuanikia, mpana, kijiji kizima hakikuwa na mfano wake. Ulikuwa mtupu. Kahawa yake ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka, juu ya majani, kando ya saruji. Na uso wa saruji hiyo ulikuwa na vishimo vidogo vidogo vingi, mithili ya ngozi ya mtu aliyeugua ndui.

*

Alfajiri baada ya siku ile ya vikombe vitatu, simu ya Avelina iliita.

"Mama Karani." Ilikuwa sauti ya Rwezaura, lakini imenyongwa, imekuwa mnong'ono. Tangu amfahamu, Avelina hakuwahi kumsikia mtu huyo akinong'ona, hata kanisani. "Umeamka?"

"Nimeamka, Afande. Kuna nini?"

"Kuna mtu anatafuna humu ndani."

"Panya?"

"Panya hatemi maganda. Sikiliza."

Avelina alibana simu sikioni. Mwanzoni alisikia pumzi za Rwezaura tu. Kisha, nyuma ya pumzi, taratibu, bila haraka ya mtu mwenye kazi nyingine ya kufanya, *kru, kru, kru*, meno yakivunja kitu kigumu, kimya, halafu *tfu*. Na tena. *Kru, kru, kru. Tfu.*

"Washa taa!" Avelina alinong'ona, akashangaa kwamba naye ananong'ona.

"Taa inawaka," Rwezaura alisema. "Inawaka tangu jana."

Kulipokucha alimfuata nyumbani kwake, umbali wa kutembea tu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Mlango ulikuwa wazi, na kabla hajabisha harufu ilimpokea: harufu ya kahawa mbichi iliyovundikwa, tamu, nzito, harufu ya maganda yaliyooza chini ya mvua. Rwezaura alikuwa ameketi kitandani na vifungo vya shati viko wazi. Sakafuni, upande wa mto wake, palikuwa na maganda ya kahawa. Hayakutapakaa. Yalikuwa rundo moja, mahali ambapo mtu aliyeketi kando ya kitanda angetemea.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Nimenenepa tu."

Tumbo lake lilikuwa limevimba, limewambwa kama ngoma.

"Twende hospitali."

"Nilikwenda jana usiku. Wamenitazama, wamenigonga, hawakuona kitu. Wamenipa dawa ya gesi." Alijaribu kucheka. "Mimi, Rwezaura, niliyelala na maiti ziwani nikisubiri gari, leo naambiwa nina gesi."

"Basi twende Kihanga," Avelina alisema. "Kwa mke wa huyo Novatus."

"Kutafuta nini?"

"Kazi tuliyopewa, Mzee wangu. Kama yuko hai au amekufa."

*

Xaveria, mke wa Novatus, alikuwa anapalilia maharage kati ya migomba. Aliwaona wakija, akasimama, akampa Rwezaura shikamoo yake. Lakini alipokaribia akakunja pua, akarudi nyuma hatua moja.

"Umetoka kwa Melkiory," alisema.

"Nani amekuambia?" Rwezaura aliuliza.

"Unanuka mume wangu."

Aliwakalisha uani, mbele ya kaburi dogo lililozungushiwa mawe. Avelina aliuliza ni la nani.

"Lake. Nimezika mgomba. Mwili ukikosekana unazika mgomba, roho ipate pa kulala." Xaveria alijifuta mikono kwenye kanga. "Lakini hajalala. Mgomba haumdanganyi mtu aliyeuawa. Sema hapa kwangu haji. Mimi sikumkosea."

"Unajua ameuawa na nani?"

"Kijiji kizima kinajua na hakuna anayejua. Alitaka kuacha magendo. Akaenda kumuaga Melkiory kiungwana, mvua inanyesha, kavaa koti lake. Hakurudi." Akamgeukia Rwezaura. "Ulikula kahawa mkononi mwake?"

"Ndiyo. Ni mila. Ungetaka nimtukane mtu nyumbani kwake?"

"Ilikuwa nzima, na ganda lake?"

Rwezaura aliupitisha ulimi kwenye meno. Hakukumbuka ganda. Avelina alitoa leso, akaifungua pembe yake polepole juu ya magoti. Ndani ya jani hakukuwa na tunda zima. Kulikuwa na punje moja, nusu ya tunda, imemenywa. Ilikuwa nyeusi, ina gamba la kitu kilichokauka, na kitu hicho hakikuwa dawa ya majani.

"Omukago," Rwezaura alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. Kule Muleba babu yake alikuwa na ndugu wa aina hiyo.

Avelina naye aliijua habari hiyo tangu utotoni, kama mtu anavyojua kisima kilichofukiwa. Watu wawili wasio wa damu moja wakitaka kuwa ndugu, huchanja karibu na kitovu, hulowesha punje mbili za tunda moja la kahawa, na kila mmoja humeza punje yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo nyumba ya huyu ni nyumba ya yule, na deni la huyu ni deni la yule. Atakayemsaliti mwenzake huvimba tumbo mpaka lipasuke.

"Lakini mimi sikuchanjwa," Rwezaura alisema. "Hakumeza damu yangu."

"Ndiyo maana ni wizi na si udugu," Xaveria alijibu. "Yeye na Novatus walikula omukago kwa haki, hapa hapa uani, mimi nikishuhudia. Kisha akamwua. Tangu siku hiyo Novatus anakwenda kwake, jioni, saa ya wageni. Anabisha hodi. Anakaa. Anatafuna. Watu wa pwani wangesema jini. Sisi tunasema ndugu amekuja kudai nyumba yake. Isingiro nzima hakuna anayegusa kahawa ya Melkiory, mjue. Ndipo akatafuta wageni wa mbali, wenye adabu." Aliwatazama kwa huruma. "Hawakuwaita mtafute. Waliwaita mpokee."

Upepo uliingia migombani, majani yakasuguana.

"Itarudishwaje?" Avelina aliuliza.

"Punje hiyo mkononi mwako haikumezwa. Ina damu ya Melkiory. Ipelekwe mahali alipolala Novatus, naye aambiwe kwa jina nani mwenye deni, Melkiory mwenyewe akiwa anasikia. Lakini alipolala sipajui. Ningepajua ningekuwa nimekwisha kumleta nyumbani."

"Twende polisi kwanza," Rwezaura alisema. Akashika tumbo, akainama, na jasho likamtiririka.

"Nendeni. Ila tumbo hilo halitangoja makaratasi." Kisha Xaveria akauliza, kama mtu aliyekumbuka chumvi wakati chakula kiko mezani: "Tangu mtoke huko, kuna aliyemkaribisha? Kumwambia karibu, kumpa kitu?"

"Nani atamkaribisha mtu asiyeonekana?" Rwezaura alifoka.

Avelina alifunga leso yake. Alikuwa anafikiria saruji.

"Afande," alisema, "ulipokuwa polisi uliwahi kuona mtu anamwaga saruji mvua inanyesha?"

"Labda mwendawazimu. Matone yanatoboa uso wote."

"Vishimo vidogo vidogo."

"Ndiyo."

"Mwezi wa kumi na moja, wakati hakuna mtu Karagwe wala Kyerwa mwenye kahawa ya kuanika. Uwanja mzuri kuliko yote kijijini. Na msimu ukifika, mwenyewe anaanika pembeni."

Rwezaura alimtazama. Hata katika maumivu, uso wake ulipata kitu kinachofanana na fahari.

"Mama Karani," alisema, "nyamaza hivyo hivyo siku zote."

*

Walifika Isingiro saa ya wageni. Njiani Rwezaura aliwapigia simu wenzake wa zamani, akawaeleza habari ya saruji, nao wakasema wanakuja. Lakini barabara ilikuwa ya makorongo, ukungu ulishuka kutoka vilimani, na kila alipokaa vizuri juu ya pikipiki tumbo lilimrudisha kuinama. Vifungo vyote vya shati vilikuwa vimekatika.

Adelgunda alikuwa amesimama uani, panga mkononi, kama mtu anayetoka kukata majani ya ng'ombe. Nyuma yake, Melkiory aliketi kwenye kibaraza. Alikuwa amenyoa. Macho yake yalikuwa meupe. Alikuwa amelala usingizi wa siku mbili, na ulimkaa vizuri.

"Ndugu yangu!" aliita. "Mbona umenenepa?"

"Tumeleta majibu," Avelina alisema. Hakwenda kibarazani. Alitembea mpaka katikati ya uwanja wa saruji, akasimama pale palipokuwa na ufa. Rwezaura alimfuata, akavuta miguu, akasimama kando yake kama ukuta uliokwisha kupasuka.

"Njooni mtoe majibu huku," Adelgunda alisema. Sauti ilikuwa bado ya upole.

"Mliuliza kama yuko hai au amekufa."

"Binti, nimesema njoo huku."

"Amekufa." Avelina alipiga magoti. "Tena tumemkanyaga."

Adelgunda aliinua panga na kuanza kuja, akija kwa mwendo wa kazi, wala hakukimbia, na Rwezaura akaitoa ile sauti yake ya kusimamisha basi, sauti iliyokuwa imempotea tangu alfajiri ya maganda: "SIMAMA HAPO!" Mwanamke yule alisita ukingoni mwa saruji. Avelina alijua kwamba hakusimama kwa sababu ya sauti. Tangu mwezi wa kumi na moja, hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa ameweka mguu juu ya uwanja ule.

Avelina alifungua leso. Aliiweka punje juu ya ufa, na kidonda cha jino kilikuwa kinapiga kama moyo wa pili.

"Novatus wa Kihanga," alisema, "mume wa Xaveria. Ndugu yangu, sikia. Huyu uliyemfuata hana deni lako, alidanganywa. Mwenye deni ni Melkiory. Damu yake hii, nami nairudisha mbele yako."

Kwanza haikutokea kitu, ukungu tu ulikuwa unapita, na kuku mmoja alikuwa anachakura kando ya mikeka, na Avelina akaanza kuona aibu, aibu ya mtu mzima aliyepiga magoti na kuongea na sakafu. Kisha kuku akanyamaza, na harufu ikapanda kutoka kwenye ufa, ile tamu, ile nzito, ya maganda yaliyovundikwa na ya kitu kingine kilichovundikwa pamoja nayo, na chini ya magoti yake, ndani ya saruji, karibu sana kama mtu anayetafuna ng'ambo ya ukuta mwembamba, akasikia *kru, kru, kru*, na punje iliyokuwa juu ya ufa haikuwapo tena, na hakuna mkono uliokuwa umeichukua.

*Tfu.*

Kwenye kibaraza, nyuma ya Melkiory, mlango wa nyumba uliokuwa wazi ulijifunga taratibu. Halafu ukabishwa, kwa ndani.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamume. Ilikuwa sauti ya kiungwana, ya mtu aliyekuja kuaga.

Melkiory aliinuka, akaketi, akainuka tena. "Adelgunda," alinong'ona, "Adelgunda, mwambie sipo, mwambie nimesafiri, mwambie ndugu yake mpya ni yule pale, yule, yule mnene," na huku akisema mkono wake ulikuwa umekamata shati usawa wa kitovu, kwa kuwa doa lililokuwa dogo lilikuwa linapanuka, na chini ya doa tumbo lilikuwa linapanda, linapanda kama unga uliotiwa hamira karibu na moto, na taya zake, bila yeye kutaka, bila kitu mdomoni, zilikuwa zimeanza kutafuna.

Adelgunda aliangusha panga. Hakumkimbilia kaka yake. Alishika rozari yake na kukimbilia migombani.

Rwezaura alijikunja na kutapika. Alitapika maji, akatapika maji meusi, na mwisho ikamtoka punje moja ya kahawa, ikagonga saruji, ikabingirika mpaka kwenye ufa, ikazama. Alipoinuka, suruali ilikuwa inamvuka kiunoni.

Polisi walipofika walimkuta Melkiory amekufa kwenye kibaraza. Hatutasimulia alivyokuwa, aliyemfunika alitumia mikeka miwili. Walivunja saruji, wakamkuta Novatus akiwa na koti lake la mvua. Xaveria alikuja na watu wa Kihanga, akang'oa mgomba kaburini na kumlaza mumewe mahali pake, na siku hiyo, watu wakasema, hata upepo ulipita migombani bila kusugua majani.

*

Rwezaura alipona. Kwa muda hakutafuna kahawa, hata ya kikapu, na nyumba za watu alianza kuingia akiwa na karanga zake mfukoni. Kazi zilirudi kuwa ng'ombe na mipaka na waume waongo. Mackrine alirudi kupanda na vikombe viwili. Kila alipovipanga mezani Avelina alivihesabu kwa macho, na kila alipokuta ni viwili, bega lake moja lilishuka.

Siku moja ya ukungu, saa kumi jioni, Avelina alikuwa dirishani, amegeuzia chumba mgongo, anachapa ripoti ya mpaka wa kibanja. Mackrine alipanda, akaweka chupa, akaweka vikombe. Avelina aligeuka nusu. Viwili. Bega likashuka.

"Asante, dada," alisema. Mackrine akashuka, ngazi zikalia.

Simu ikaita. Ilikuwa sauti kubwa, na nyuma yake kulikuwa na kelele za stendi.

"Mama Karani! Mimi bado niko Kyerwa, pikipiki imeharibika. Leo usiningoje. Chai yangu kunywa wewe!"

Simu ikakatika.

Avelina alisimama palepale, uso kwenye kioo, na kwenye kioo kulikuwa na ukungu wa nje na kivuli chake mwenyewe na, nyuma ya kivuli chake, kiti cha wateja, na hakugeuka, hakuweza kugeuka, kwa kuwa sasa alikumbuka swali la Xaveria ambalo hakulijibu, kama kuna aliyemkaribisha, na alikumbuka mkono wake mwenyewe ukimimina, na kinywa chake mwenyewe kikisema neno moja la adabu, na akajua kwamba deni la damu hurudishwa, lakini karibu hairudishwi.

Nyuma yake, kikombe kiliinuliwa kutoka mezani, kikarudishwa taratibu.

"Asante, dada," ilisema sauti ya kiungwana.

*Kru, kru, kru.*